Kumbukumbu za Upande wa Pili

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kwa Mbeti, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Nakujulia hali kwanza, wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi upande wa kivuli wa nyumba, goti limepunguza kukusumbua, na mawingu ya Mwala yameanza kuonyesha nia. Wasalimu Ndete na mkewe na watoto. Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na sita anayepandisha mtungi hadi ghorofa ya nne kila maji yanapokatika. Macho bado yanasoma. Mkono, kama unavyoona, haujaanza kutetemeka.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichoongea na majirani kule Kambi Tatu, na ninayotaka kukueleza ni ya huko. Simu ninayo, nawe unayo. Lakini simu ingeniruhusu kunyamaza katikati, wewe ungesema mtandao ni mbaya, na tungeagana. Ndiyo maana nimempa Muoki dereva karatasi hizi akukabidhi mkononi.

Mwezi wa sita uliniuliza swali moja. Ulisema Ndete anataka kujenga kwenye kile kisehemu cha Kimeu, kile ambacho umekipanda mbaazi kila msimu kwa miaka thelathini na mitatu ili ndugu yetu akirudi asikute kichaka. Ulitaka nikuambie, mimi niliye mkubwa, kama tuendelee kumngoja au mtoto ajenge. Nikakujibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri. Jibu lako limo katika barua hii, lakini niwie radhi nifuate mpangilio; wajua siwezi kusimulia jambo kwa kuanzia katikati.

Kile chama chetu cha waliotoka Kambi Tatu bado kipo. Hukutana katika chumba kilicho nyuma ya kanisa hapa Kariobangi. Mwenyekiti ni Bedan Mureithi, yule aliyekuwa na kinu cha mahindi karibu na bwawa. Binti yake, Jacky, amesomea kompyuta na anafanya kazi mjini. Kwa miaka minne Jacky amekuwa akizunguka na kupiga picha kila orodha ya wakati ule tulipofukuzwa anayoweza kuipata: zile zilizoandikwa watu walipokuwa wakiondoka, na zile zilizoandikwa walipofika makanisani, shuleni na sokoni. Nyingine zimo katika daftari za shule, nyingine nyuma ya kalenda, nyingine kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nia yake ni kuzilinganisha, ili kila jamaa ijue nani aliondoka na nani alifika.

Picha hizo zinakaa ndani ya seva. Hiyo ni kompyuta kubwa, bapa kama droo ya kabati, iliyotupwa na ofisi moja ya mjini naye akaiomba. Inanguruma mchana kutwa. Mimi ndiye mlezi wake: naipangusa vumbi, naangalia feni, naizima umeme ukianza kuyumba. Nilikaa miaka kumi na tisa kwenye mitambo ya simu, kwa hiyo mashine inayounganisha watu si ngeni kwangu.

Seva ile iliundwa ibebe prosesa mbili, yaani bongo mbili, lakini ilitufikia na moja. Mahali pa ile ya pili palifunikwa kifuniko cha plastiki. Jacky alinieleza kwamba kila prosesa ina nafasi zake za kumbukumbu kwa upande wake. Ukichomeka kadi za kumbukumbu upande usio na prosesa, zinakaa pale na mashine haizioni. Alisema zipo lakini ni kama hazipo. Nilimwelewa mara ya kwanza. Nikajifanya sijaelewa, akanieleza tena.

Mwezi wa tatu alijaribu kuipa seva kazi ya kusoma miandiko na kulinganisha majina. Siku ya tatu ikasimama, ikilalamika kwamba kumbukumbu zimejaa. Basi ikaamuliwa itafutwe prosesa ya pili, na kazi ya kuitafuta nikapewa mimi, kwa kuwa nilitengeneza redio hapa mtaa wa Light Industries miaka ishirini na wauzaji wananijua.

Sharti lake ni kwamba lazima ifanane na ile ya kwanza, jina na namba zote. Nikaenda kwa Hashi, ambaye huuza viungo vya mashine za ofisi zilizokufa. Ya kwanza aliyonipa ilipishana namba moja, nikairudisha. Nilifanya haki. Hashi akawaambia wateja wake wanitazame vizuri. "Mzee Munyoki," akaniambia, "akifanana hivyo na wa kwanza, mke wa pili ni wa nini?" Nikamjibu kwamba katika nyumba hii wasipofanana hakuna atakayepika. Walicheka, nami nikacheka.

Mwezi wa saba akanipigia simu kwamba amepata nyingine. Nilikaa juu ya ndoo dukani kwake na lenzi yangu, nikasoma namba moja baada ya nyingine. Kisha nikarudi nikamwambia Bedan kwamba hazifanani.

Zilifanana, Mbeti. Niliitunza prosesa hiyo wiki kumi na moja chini ya mashati yangu, katika kikasha chake, na kila walipouliza nikasema bado tunatafuta. Sababu yake utaiona.

Mwisho wa mwezi uliopita Jacky mwenyewe akapita kwa Hashi, akaambiwa mzee alichukua mzigo tangu Julai. Akaja kwangu. Hakukasirika. Aliketi kitandani, akanishika mkono, akaniita babu kwa lugha yao, akasema, "Guka, si ungeniambia tu umesahau? Hiyo ni kawaida." Nikasema kweli, nilisahau. Nikaitoa chini ya mashati mbele yake, nikafanya uso wa mtu anayeshangaa.

Sasa sikia kosa langu la pili, ambalo lilichekesha watu. Jacky aliandika tangazo kwa lugha yao ya huku, kwamba Sato, yaani Jumamosi, wanaadd memory na processor ya pili. Bedan akaona wazee hawatalielewa, akaniomba niliweke katika Kiswahili. Unajua udhaifu wangu. Ningeweza kuandika "memory"; hata mama anayeniuzia mboga za sukuma anajua memory ya simu yake. Lakini mimi nikaandika: "Jumamosi tarehe 11, saa nne asubuhi, tutaongeza kumbukumbu za chama. Nyote mnakaribishwa." Prosesa sikuitaja, kwa sababu sikupata neno lililonipendeza. Bedan akalituma kwenye simu zote.

Nilidhani tutakuwa watatu. Kufikia saa tatu na nusu viti vilikuwa vimekwisha. Walitoka Kware, walitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu, walitoka mpaka Ruiru. Walivaa nguo za kanisani. Mikononi walikuwa na picha, programu za mazishi, kadi za ubatizo, kipande cha blanketi, chupa za chai na mandazi ndani ya ndoo. Mama Waithera, ambaye amevuka themanini, alikuwa kiti cha mbele na kitambaa cheupe kichwani. Bedan akasimama kueleza kwamba kumbukumbu zilizotajwa ni vifaa fulani vya mashine. Mama Waithera akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bedan," akasema, "tumeambiwa kumbukumbu zinaongezwa. Mimi nimekuja na zangu. Kama ni za mashine, mashine ingejitumia ujumbe yenyewe."

Jacky alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akawatazama na vitu vyao magotini, akaacha kucheka. Akasema wakae, vyote viwili vitaongezwa leo.

Prosesa niliitia mimi. Jacky alisema mkono wangu umetulia kuliko wake. Tukazima umeme, nikagusa chuma kwanza ili nijiondolee umeme wa mwilini, nikatoa kile kifuniko cha plastiki. Chini yake pana soketi yenye pini nyingi mno, nyembamba kuliko unywele wa kope. Pini moja ikipinda, basi. Kwenye pembe ya soketi kuna alama ya pembetatu, na kwenye prosesa kuna nyingine. Unazikutanisha, unaishusha wima, huisukumi.

Nilisimama juu ya pini zile nikiwa nimeishika kwa vidole viwili. Ilihitaji mtelezo mdogo tu. Wangesema ni umri, na wangeninunulia soda. Niliyafikiri hayo kwa utulivu, kama mtu anayesoma bango la barabarani. Mkono haukuteleza. Sijui ni kwa nini, na sitaki ufikiri ulikuwa ujasiri.

Nikafunga kishikizo. Nikapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, kiasi cha punje moja ya ndengu. Nikaweka juu kile chuma cha mapezi cha kupoza, nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama mtu anavyokaza gurudumu. Kisha tukachomeka kadi za kumbukumbu kwa upande wake na kuwasha. Seva ile huchukua dakika kadhaa kujihesabu. Mwishowe kioo kikaandika kwamba prosesa ni mbili na kumbukumbu ni maradufu. Watu wakapiga makofi kama kwenye ubatizo. Mama Waithera akauliza kama sasa inakumbuka. Jacky akamwambia bibi huyo ndiyo inaanza, Cucu.

Akaipa orodha zetu tu, za Kambi Tatu. Ilimaliza kabla chai haijaisha. Ikaleta majina ishirini na matatu: watu waliowekewa alama kwamba wameondoka, lakini hawaonekani katika orodha yoyote ya waliofika. Jacky akaeleza kwamba mengi yatakuwa makosa ya uandishi, na kwamba ameweka sehemu ya kubonyeza palipoandikwa "kosa la karani", jina likishafafanuliwa linafungwa. Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu mwezi wa tatu. Ila nilikuwa nimepanga kwamba tutakuwa watatu tu, yeye, Bedan na mimi, na kwamba nitamwambia abonyeze. Sikupanga chumba kilichojaa watu wanaokumbuka.

Akasoma moja moja nao wakajibu. Kui alikuwa ameondoka kwa jina la babake na kufika kwa jina la mumewe. Yumo chumbani, akainua mkono. Ndugu wawili walishuka njiani wakaenda kwa mjomba wao Nyeri. Mtoto mmoja wa miezi saba alifia kwenye lori akazikwa kando ya barabara. Huyo alikuwa wa Mama Waithera. Aliinuka, akaweka kadi ya ubatizo ya mtoto huyo juu ya meza kando ya seva, akarudi kuketi. Tuliendelea. Ishirini na wawili wakafafanuliwa.

Wa ishirini na tatu ni Kimeu Ndete.

Mama Waithera akasema, "Huyo ni wa Munyoki. Na ndiye aliyeiandika orodha ile."

Jacky akanigeuzia kioo. Ukurasa wangu ulikuwa umekuzwa, mwandiko ule mzuri nilioujivunia, na mbele ya jina la ndugu yetu alama ya vema. Nilitarajia moyo unipige. Haukunipiga. Nilisikia feni tu. Nikasema, "Ninalo la kusema, lakini dada yangu ndiye atakayelisikia kwanza." Bedan akaitikia kwa kichwa. Jacky akaandika kwenye nafasi ile: inangoja familia. Kisha wakanipa chai, nikainywa, ilikuwa na tangawizi.

Sasa lile jambo, Mbeti.

Siku ile ya kuondoka Kambi Tatu, kwenye uwanja wa kanisa, afisa alinipa daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Aliagiza kwamba jamaa isiyotimia ishuke ingoje lori la kesho. Mwaitu alikuwa na homa, hawezi kusimama. Wewe ulikuwa na Ndete mgongoni, hajatimiza siku arobaini. Kimeu akaninong'oneza kwamba anarudi nyumbani kuchukua sanduku la patasi za Baba, kwamba hawezi kuacha kazi ya mikono ya Baba ichomwe. Nikamwambia hakuna wakati. Akasema, "Nitarudi kabla hujamaliza ukurasa."

Niliandika polepole. Sijapata kuandika polepole vile. Nilipitia herufi mara mbili, nikachora mstari kwa rula. Ukurasa ukaisha, afisa amesimama juu yangu, na jina la Kimeu halina alama. Nikaliwekea. Tulipopanda nikawaambia wewe na Mwaitu kwamba yuko lori la mbele na wanaume. Tulipofika na hamkumwona, nikawaambia alishuka Nakuru kutafuta kazi. Kwa neno hilo ulimtafuta Nakuru, na Thika, na Mombasa, na ulisoma jina lake redioni.

Yaliyobaki niliyajua mwaka uliofuata. Nilikwambia naenda kufuatilia pensheni. Nilikwenda Kambi Tatu. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuguswa na hakumgusa mtu, ndiye aliyenisimulia. Kesho yake, baada ya lori letu, kanisa lilirudisha gari kuwachukua wasiokuwa na alama. Kimeu alikuwa amesimama langoni na sanduku begani. Akataja jina lake. Wakatazama daftari, wakamwambia Kimeu Ndete amekwisha kuondoka jana. Siku zile watu walikuwa wakitaja majina ya wengine ili waingie magarini kudhuru, na walioleta gari waliogopa. Akaapa, akataja jina la Baba, akataja langu. Wakamwonyesha alama. Wakamwacha pale.

Jirani alimficha siku moja. Siku ya pili wavamizi walimpata. Hakunieleza zaidi nami sikuuliza. Alimzika kando ya ua wetu wa katani, upande wa ndani. Sanduku lilichomwa, isipokuwa patasi moja iliyoangukia majanini. Akanipa.

Ndete alipomaliza shule nilimzawadia patasi, nikasema nimeinunua Gikomba. Wewe uliishika ukasema inafanana na za Baba, nami nikakwambia patasi zote zinafanana. Igeuze. Chini ya mpini kuna mikato miwili na msalaba mdogo. Ndiyo yenyewe. Imekuwa nyumbani kwako miaka kumi na minne, na vijiko vyote anavyouza mtoto wako vimechongwa kwayo.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Kwanza Mwaitu alikuwa hai na akiuliza. Kisha akafariki akiuliza. Kisha ulikuwa umepanda misimu mingi mno. Nimetafuta sababu iliyo bora kuliko hizo na sijaipata. Wala silii ninapoandika. Nilidhani nitalia, nikaweka leso mezani, iko hapa imekunjwa.

Jibu la swali lako ni hili: Ndete ajenge. Usipande tena kwa ajili ya kumngoja. Ukipanda, upande mbaazi za kula.

Jumamosi ijayo nitarudi kwenye chumba kile kujaza nafasi ya Kimeu mbele ya wote. Nafasi yenyewe inapokea herufi arobaini tu. Nimejaribu mara nyingi, na hili ndilo linaloenea: "Aliandikwa ameondoka. Hakuondoka." Kama unalo bora, ni haki yako kulichagua. Muoki atapita kwako tena Ijumaa alfajiri kabla ya kuja huku. Unaweza kumpa neno, unaweza kumpa ile patasi aniletee, au unaweza kumwacha apite. Lolote utakalofanya nitalipokea.

Nisalimie majirani na wenzako wa kanisani, na umwambie Ndete mjomba wake anamwombea msingi mzuri. Funika goti lako jioni. Ukiwa na nguvu za kunichukia, zitumie. Mimi zangu za kufanya lolote zimebaki za kuandika tu.

Ni mimi ndugu yako, niliyemaliza ukurasa,

Munyoki Ndete